Mafuta ya Silaha katika Hewa ya Pwani: Yafaayo, Yasiyofaa na Namna ya Kuyatumia

Wamiliki wa bastola na bunduki za marisau wanaoishi Kinondoni na Temeke, pamoja na watunza ghala wa kampuni za ulinzi ambazo walinzi wao hukesha kwenye mageti ya Mbezi Beach au ya viwanda vya Chang'ombe, hurudia kuuliza jambo lile lile: je, mafuta ya cherehani, oili ya gari au kopo la kupuliza linalouzwa katika kila duka la vipuri yanatosha kutunza silaha, au ni lazima yatafutwe mafuta maalumu ambayo bei yake ni kubwa na upatikanaji wake ni wa shida? Makala haya yanajibu swali hilo kwa mmiliki mwenye leseni. Jibu lake halianzi na jina la chapa yoyote, bali linaanza na hewa ya Dar es Salaam na namna silaha inavyotumika jijini.

Kutu hutangulia msuguano

Miongozo mingi ya utunzaji wa silaha imeandikwa kwa ajili ya askari au walenga shabaha wanaofyatua risasi nyingi kwa siku moja, na kwa watu hao tatizo kubwa ni joto, masizi na msuguano wa chuma kwa chuma. Bunduki ya mlinzi wa Tegeta au bastola ya mfanyabiashara wa Tandika haiko hivyo. Silaha hiyo hubebwa kila siku, hushikwa na viganja vyenye jasho, hukaa kiunoni au begani katika joto la nyuzi 30 na zaidi, na inaweza kumaliza mwaka mzima bila kufyatuliwa hata mara moja. Kinachoiharibu ni unyevu na chumvi.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho asubuhi nyingi za Dar es Salaam hukipita bila shida. Kwa sababu hiyo chembe ya chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, au iliyoachwa na jasho la kidole, hugeuka kuwa tone dogo la maji ya chumvi juu ya chuma, na kutu huanza hapo hapo hata kama silaha haijaguswa na mvua. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi nacho hakijasalimika, kwani huchelewa tu kuharibika.

Mmiliki wa pwani basi achague kwanza kinga ya kutu, kisha kilainishi, na mwisho kisafishio. Wengi hufanya kinyume chake: hununua kisafishio kikali kuliko mahitaji yao, husugua silaha ambayo haikuwa na masizi, kisha huirudisha kabatini ikiwa imevuliwa mafuta yote iliyokuwa nayo.

Kabla ya kufungua kopo lolote

Hatua zifuatazo hazina mbadala, na anayezijua azifuate vilevile, kwa kuwa ajali nyingi za usafi wa silaha huwapata waliozoea.

1. Mdomo wa silaha uelekezwe mahali salama muda wote, na kidole kikae mbali na kifyatulio.
2. Magazini, yaani kasha linalobeba risasi, iondolewe kwanza, ndipo chemba ifunguliwe. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi inayosubiri kufyatuliwa. Anayefungua chemba kabla ya kuondoa magazini huenda akaitoa risasi moja na kuingiza nyingine bila kujua.
3. Chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole. Katika bunduki za marisau za kuvuta kwa mkono, ambazo ndizo hushikwa na walinzi wengi, bomba la risasi lililo chini ya mtutu nalo likaguliwe, kwa sababu risasi hujificha humo bila kuonekana kwa nje.
4. Risasi zote zitolewe chumbani na kufungiwa mahali pengine. Risasi na viyeyusho havikai meza moja.
5. Dirisha na mlango vifunguliwe, jiko la mkaa na sigara viwekwe mbali, na watoto wasiwepo.

Kwa kampuni za ulinzi, usafi usifanyike wakati wa kubadilishana zamu. Dakika hizo silaha hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kila mmoja ana haraka, na kila mmoja hudhani mwenzake ameshakagua chemba.

Kazi tatu zisizofanana

Maneno "mafuta ya silaha" huunganisha vitu vitatu ambavyo mnunuzi anapaswa kuvitenganisha.

Kiyeyusho ni kimiminika kinacholegeza uchafu: masizi ya baruti, mabaki ya madini ya risasi au ya shaba yaliyoganda ndani ya mtutu, na mabaki ya plastiki yanayoachwa na risasi za marisau. Kazi yake ikishaisha, hupaswa kufutwa chote. Kilainishi ni mafuta au grisi inayobaki kati ya vyuma viwili vinavyosuguana. Kihifadhi ni utando mwembamba unaokaa juu ya chuma na kuzuia maji na hewa visikifikie.

Kimiminika kimoja chaweza kufanya kazi zote tatu kwa kiasi fulani, na makopo ya namna hiyo huandikwa herufi CLP, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kusafisha, kulainisha na kuhifadhi. Mafuta ya CLP hayashindi kiyeyusho halisi katika kung'oa uchafu mgumu, wala hayaishindi grisi nzito katika kukinga silaha inayolala kabatini miezi sita. Hata hivyo kwa silaha inayobebwa kila siku na kufyatuliwa kwa nadra, kopo moja la CLP ni chaguo linalotosha, na mnunuzi asishawishiwe kununua chupa nne. Ballistol, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1904, ina sifa moja inayoifaa pwani: huchanganyika na maji na kuwa kama maziwa, hivyo unyevu kidogo uliobaki kwenye chuma hauizuii kufanya kazi. Hoppe's No. 9, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1903, ni kiyeyusho cha mtutu, na anayeipaka kisha akaiacha akidhani ameweka mafuta amekosea.

Vilivyopo gereji, dukani na jikoni

Hapa ndipo maswali huwa mengi zaidi, na ndipo hasara nyingi hutokea, kwa hiyo kila kitu kinachotajwa mara kwa mara kinapewa hukumu yake.

*Mafuta ya cherehani.* Haya ni mafuta mepesi ya madini yaliyosafishwa vizuri, hayagandi kwa haraka wala hayanuki, na yanapatikana kila mahali penye mafundi wa nguo. Yanafaa kulainisha sehemu zinazocheza. Udhaifu wake ni kwamba hutiririka na kupungua upesi, na kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo. Mmiliki anayeyatumia akubali kuifuta na kuipaka upya silaha yake kila wiki, na anayeishi karibu na ufukwe afanye hivyo mara mbili kwa wiki.

*Oili mpya ya injini.* Hulainisha vizuri, lakini ni nzito kwa bastola, hushika vumbi, na imetengenezwa kwa injini inayopata moto wa kudumu. Kwa dharura inakubalika, tone kwa tone.

*Oili chafu.* Oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari hupakwa mbao za kenchi ili kuzuia mchwa, na pengine mazoea hayo ndiyo yaliyowafanya baadhi ya watu waione kuwa kinga ya kila kitu. Ndani yake mna asidi, chembe za chuma na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Isiguse silaha, na mikono isiizoee.

*Mafuta ya giaboksi otomatiki.* Ni afadhali kuliko oili ya injini, kwa kuwa ni mepesi na yana viambato vya kupunguza uchakavu. Hayana ubaya kwa bunduki ya marisau, mradi yasiguse mbao wala mpira wa kitako.

*Mafuta ya breki.* Hayafai kabisa. Huvuta maji kutoka hewani, na hubabua rangi na vanishi. Kwa kuwa chupa zake hufanana na za vilainishi na hukaa rafu moja, mnunuzi asome maandishi kabla ya kulipa.

*Petroli.* Mvuke wake hushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la chumba cha Mbagala. Husafisha haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Isitumike.

*Mafuta ya taa.* Mvuke wa mafuta ya taa yaliyo halisi hauwaki kwa urahisi kabla ya kufika takriban nyuzi 38, hivyo hatari yake ni ndogo kuliko ya petroli ingawa haijaisha. Yanaweza kuosha grisi ya zamani na masizi mepesi, lakini si kihifadhi, na silaha iliyooshwa kwa mafuta ya taa kisha ikaachwa hushika kutu. Yapo pia mashaka ya uchakachuaji, kwani hakuna anayejua kopo la rejareja la mtaani limechanganywa na nini.

*Dizeli na thina.* Dizeli huacha utando unaonuka na kunata. Thina huyeyusha vanishi ya kitako cha mbao na inaweza kulainisha au kupasua plastiki ya fremu ya bastola za kisasa.

*Kopo la kusafishia breki.* Huondoa uchafu wote na mafuta yote, na chuma kilichobaki uchi huanza kutu ndani ya saa chache katika hewa ya pwani. Baadhi ya makopo yana klorini, na mvuke wake ukipata moto hutoa gesi yenye sumu kali. Fundi mwenye karakana anaweza kuwa na sababu ya kulitumia, lakini mmiliki wa nyumbani hana.

*WD-40.* Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kusudi la kusukuma maji yatoke juu ya chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ni msaada mkubwa pale silaha iliponyeshewa. Kosa lililoenea ni kuifanya mafuta ya kudumu, ilhali sehemu kubwa yake hupotea hewani na utando unaobaki ni mwembamba, nao hurundikana na kunata ukipuliziwa mwezi baada ya mwezi bila kufutwa.

*Mafuta ya kupikia na ya nazi.* Mafuta ya alizeti hukutana na hewa yakageuka ulimbo unaogandisha springi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 24, na usiku wa Julai jijini hushuka chini ya hapo.

*Vaselini.* Ni jeli ya petroli, haina maji wala chumvi, na ikipakwa utando mwembamba juu ya mtutu kwa nje huhifadhi vizuri silaha inayolala kabatini. Isiingizwe ndani ya mitambo inayocheza.

Kulinganisha mafuta na mahali

Silaha mbili za aina moja zinaweza kuhitaji mafuta tofauti kwa sababu tu zinakaa pande mbili za jiji. Kando ya bahari, kuanzia Msasani na Kawe hadi Kunduchi na Mbweni, na vivyo hivyo Kurasini kwenye bandari, chumvi ndiyo adui, na utando wa nje unapaswa kuwa mzito kidogo na kufanywa upya mara kwa mara. Mbagala, Chamazi na Bunju ya ndani, ambako barabara nyingi za mitaa ni za vumbi na mchanga, mafuta mengi huwa mtego: hukusanya vumbi likawa tope linalosaga chuma. Huko kilainishi kiwe chepesi na kiasi kiwe kidogo, grisi iepukwe kwenye bastola, na silaha ifutwe mara nyingi zaidi badala ya kuongezewa mafuta.

Aina ya silaha nayo ina neno lake. Bunduki ya mitutu miwili inayokunjika huhitaji chembe ya grisi kwenye pini ya kukunjia, kwani uzito wote wa mitutu huegemea hapo. Bastola inahitaji matone machache kwenye reli ambazo slaidi, yaani kifuniko cha juu kinachorudi nyuma, hupita juu yake. Kiyeyusho cha shaba, ambacho mara nyingi kina amonia, ni cha bunduki zenye michirizi ndani ya mtutu zinazofyatuliwa mara nyingi, kama zile za uwindaji. Mwenye bunduki ya marisau hakihitaji, na akikiacha kwa muda mrefu kinaweza kuathiri chuma chenyewe au pako la nikeli. Risasi za kijeshi za zamani zilizotengenezwa kwa viwashio vyenye chumvi, sawa na baruti nyeusi ya magobore, huacha mabaki ambayo mafuta hayayayeyushi: maji ya moto yenye sabuni ndiyo huyaondoa, kisha mtutu hukaushwa kabisa na kupakwa mafuta.

Mpangilio wa kazi

Kwa silaha iliyofyatuliwa:

1. Silaha ifunguliwe kwa kiwango ambacho kitabu cha mtengenezaji kinamruhusu mmiliki, si zaidi.
2. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kiyeyusho kipitishwe ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, ili uchafu utoke mbele na ufito usikwaruze mdomo wa mtutu.
3. Kiyeyusho kiachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kukiacha usiku kucha kwa kutaka uhakika ni kosa.
4. Brashi ya shaba nyeusi ipitishwe mara kadhaa, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi.
5. Masizi ya nje yaondolewe kwa mswaki wa zamani wa meno. Brashi ya waya wa chuma isitumike.
6. Kitambaa chenye mafuta kidogo kipitishwe ndani ya mtutu, na kingine juu ya chuma chote cha nje.
7. Tone moja moja liwekwe mahali palipong'aa kwa kusuguana, kwani mng'ao huo ndio unaoonyesha mafuta yanahitajika wapi.
8. Silaha iunganishwe, na mitambo yake ichezeshwe mara chache ikiwa tupu ili kuhakikisha inafanya kazi.

Silaha iliyobebwa tu bila kufyatuliwa haihitaji hatua zote hizo. Ikishakaguliwa kuwa tupu, inatosha kuifuta jasho na vumbi kwa kitambaa kikavu, kupaka utando wa kihifadhi kwa nje na kupitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu. Kusugua mtutu safi kila wiki kwa brashi na kiyeyusho huuchakaza bila faida.

Mahali ambapo mafuta hayatakiwi

Makosa ya kuzidisha mafuta ni mengi kuliko makosa ya kuyapunguza, hasa katika maghala ya kampuni za ulinzi ambako kijana anayepewa kopo la kupuliza hudhani kwamba silaha inayodondosha mafuta ndiyo iliyotunzwa.

- Ndani ya magazini na juu ya risasi. Mafuta yanayopenya hadi kwenye kiwashio, yaani kidonge kilicho kitakoni mwa risasi ambacho hugongwa ili kuwasha baruti, yanaweza kuifanya risasi isilipuke.
- Ndani ya chemba na mtutu muda mfupi kabla ya kufyatua. Chemba yenye mafuta huongeza msukumo unaopiga mitambo ya nyuma. Kabla ya mazoezi ya shabaha kitambaa kikavu kipitishwe.
- Kwenye njia ya pini ya kufyatulia. Mafuta humo hukusanya uchafu na kuifanya pini igonge kwa unyonge, au, jambo la hatari zaidi, ikwame ikiwa imechomoza.
- Kwenye mbao za kitako. Mafuta ya madini hulainisha mbao mpaka zikapasuka karibu na chuma. Bunduki iliyopakwa mafuta ndani ya mitambo ilazwe au isimamishwe mdomo ukiwa chini kwa usiku wa kwanza, ili mafuta ya ziada yasitiririkie kitakoni.
- Kwenye mishiko, ambako mafuta huifanya silaha iteleze mkononi.

Masika, jasho na kabati

Silaha iliyolowa wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ishughulikiwe siku hiyo hiyo. Ikishakaguliwa kuwa tupu, ifutwe, ipuliziwe kimiminika cha kusukuma maji, ifutwe tena baada ya dakika chache, kisha ipakwe kihifadhi. Iliyorushiwa maji ya bahari isuuzwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jambo linalowashtua wengi, kwa kuwa mafuta yakipakwa juu ya chumvi huifunika tu ikiendelea kula chuma chini yake.

Mkoba wa ngozi ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Ngozi hufyonza jasho, na kemikali zilizotumika kuilainisha huweza kuchochea kutu. Hali ni hiyo hiyo kwa masanduku yenye sponji ndani, ambayo hushikilia unyevu kwa muda mrefu. Kabati la chuma linalofungwa, lisiloegemea ukuta wenye unyevu na lenye mifuko ya silika, yaani chembechembe zinazofyonza unyevu, ni bora zaidi. Silika iliyoshiba inaweza kukaushwa ndani ya oveni kwa joto la takriban nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ikiwa imemwagwa kwenye sinia la chuma, na kutumika tena.

Pingamizi zinazosikika mara nyingi

*Mzee alitumia mafuta ya taa miaka yote na bunduki yake bado inafanya kazi.* Yawezekana kabisa, hasa kama aliishi bara, mbali na bahari, na aliifuta bunduki yake kila jioni. Kilichoiokoa bunduki hiyo ni kitambaa na nidhamu.

*Mafuta maalumu ni ghali.* Chupa ndogo inayotumiwa kwa matone hudumu muda mrefu, na kinachoifanya iishe haraka ni kumwaga. Anayeshindwa kuipata achukue mafuta ya cherehani kwa mitambo na vaselini kwa nje, na aongeze idadi ya siku za kukagua.

*Silaha haijawahi kufyatuliwa, kwa hiyo ni safi.* Inaweza kuwa safi na bado ikawa na kutu ndani ya mtutu. Buibui na nyigu nao hupenda matundu yaliyotulia, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka risasi inapofyatuliwa.

*Kutu kidogo inaondolewa kwa msasa.* Msasa huondoa kutu pamoja na rangi ya kinga, na unaweza kufuta namba ya silaha, jambo litakalomtia mmiliki matatani polisi hata kama leseni yake ni halali. Katika uhakiki wa silaha uliofanyika nchini mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kuzipeleka silaha zao zikaguliwe, na namba ndiyo inayoiunganisha silaha na nyaraka zake. Kutu ya juu juu ilowekwe mafuta kwa saa kadhaa, kisha isuguliwe polepole kwa pamba laini ya chuma ya daraja jembamba kabisa, mbali na namba na alama. Iliyochimba chuma ni kazi ya fundi.

Wakati wa kununua

Chupa iwe na lakiri isiyovunjwa, jina la mtengenezaji, maelezo ya matumizi na tarehe, na kwa vilainishi vya kawaida alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, itafutwe. Mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa yakataliwe hata yakiwa ya bei ya chini, kwanza kwa sababu hayajulikani ni nini, na pili kwa sababu mtoto anaweza kuyanywa. Makopo ya kupuliza huandikwa onyo kwamba yasifikie joto la nyuzi 50, kiwango ambacho gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mchana hukifikia kwa wepesi, hivyo yasiachwe humo. Duka la silaha lenye kibali ndilo linalopaswa kuulizwa kuhusu CLP na viyeyusho vya mtutu. Muuzaji wa vipuri vya magari, hata awe na nia njema kiasi gani, huuza anachokijua.

Kazi isiyo ya mmiliki

Mmiliki anasafisha, hatengenezi. Sheria ya mwaka 2015 inayodhibiti silaha na risasi nchini inataka ukarabati ufanywe na fundi wa silaha mwenye kibali, na fundi wa kuchomelea aliyeko mtaani si huyo, hata kama mkono wake unasifiwa Keko nzima. Silaha ipelekwe kwa fundi huyo pale kifyatulio kinapobadilika uzito, kitasa cha usalama kinapolegea, mtutu unapoonekana kuvimba au kuwa na mashimo, au mitambo inapokwama hata baada ya kusafishwa. Njia ya mkato ya kumwachia jirani silaha akaisafishe kwa kuwa "anazijua" nayo ina hatari ya kisheria, kwa sababu leseni humhusu mtu aliyepewa.

Vitambaa na mabaki

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwa maana mabaki ya madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito, na nguo za kazi zisichanganywe na za familia kwenye beseni moja. Glavu za naitraili, ambazo huuzwa katika maduka ya dawa, zinazuia sehemu kubwa ya tatizo. Kiyeyusho kilichobaki kisimwagwe mtaroni wala chooni, bali kikusanywe kwenye chupa yenye mfuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu kwa ajili ya kukabidhiwa wanaoichakata. Vitambaa vilivyotumika kupaka kitako cha mbao mafuta ya kitani vina hatari ya pekee: mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka kinaweza kujiwasha chenyewe baada ya saa kadhaa. Vitandazwe kimoja kimoja nje, juu ya zege au mchanga, mpaka vikakamae, au vilowekwe ndani ya ndoo ya bati yenye maji hadi siku ya gari la taka.